Nahodha wa Kalokol alipwe hata siku anayokataa kutoka

Katika mikutano ya utalii inayofanyika Lodwar huzungumzwa barabara, hoteli, uwanja wa ndege na matangazo. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza nahodha wa mashua wa Kalokol analipwaje siku ambayo Ziwa Turkana limechafuka. Jibu ni kwamba halipwi. Anayempeleka mgeni Kisiwa cha Kati hupata chake akienda. Asipoenda, anarudi nyumbani mikono mitupu, na mara nyingine anadaiwa petroli juu yake. Naamini jambo hili dogo ndilo litakaloamua iwapo safari za mashua katika Ziwa Turkana zitakuwa riziki ya kudumu au zitatuletea msiba. Naomba libadilishwe, tena kabla ya likizo ya Desemba wageni wanapoongezeka.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Nilizaliwa Lodwar, nafundisha Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, na watu wa upande wa mama yangu ni wavuvi wa Longech, ule ulimi wa mchanga unaoikinga Ghuba ya Ferguson mkabala na Kalokol. Likizo zangu za utotoni zilinukia samaki wa kukausha. Wajomba zangu walianza na mitego na magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja, wakaja kupata mashua za mbao, na sasa watoto wao wanabeba abiria. Kwa hiyo ninaowatetea hapa si watu niliosoma habari zao mahali. Ni watu wanaonipigia simu jioni kuuliza kama karo ya mtoto inaweza kungoja mwezi ujao.

Ambaye hajawahi kuifanya safari hii nimweleze kidogo. Kutoka Lodwar hadi Kalokol ni kilomita 60 hivi. Njiani unapita Namoratunga, zile nguzo za mawe zilizosimamishwa na watu wa kale, ambazo wazee wetu husema walikuwa watu wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Ukifika ufukweni unamtafuta nahodha, au yeye anakutafuta. Mashua haikodiwi kiti kimoja kimoja. Unaikodi nzima, wewe na wenzako, na bei mnapatana papo hapo kwa kuangalia petroli imepanda kiasi gani. Wanaokodi ni wa kila namna: watalii kutoka Ulaya, wafanyakazi wa mashirika walioshuka kutoka Kakuma kupumzika, familia za Nairobi zilizotua Lodwar kwa ndege, na siku hizi hata maharusi wanaotaka picha.

Mnatoka taratibu ndani ya ghuba, mnaipita ncha ya Longech, halafu ziwa linafunguka. Maji yakiwa yametulia, saa moja hivi inawafikisha kisiwani. Kisiwa cha Kati ni volkano ambayo haijalala kabisa. Mvuke bado unatoka kwenye nyufa zake. Ndani yake yamo maziwa matatu madogo ya kreta, la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Mamba hutaga mayai huko, na ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya hupumzika huko. Katika eneo zima la ziwa zimehesabiwa aina zaidi ya 350 za ndege. Kisiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mwaka 1997 kikaingizwa pamoja na hifadhi ya Sibiloi katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mimi nimekipanda kisiwa hicho na wanafunzi, nimesimama nao ukingoni mwa kreta huku ziwa dogo likiwa miguuni petu na ziwa kubwa likiwa mgongoni, na nasema bila kusita kwamba hakuna darasa la volkano linaloweza kulishinda hilo. Ndiyo maana nataka safari hizi ziendelee, na ziendelee vizuri.

Sasa nije kwenye upepo.

Upepo wa Ziwa Turkana si wa kubahatisha. Hewa inayotoka kusini-mashariki inabanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, na kwa kubanwa inaongeza kasi. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Kenya, Kinuthia, akishirikiana na Asnani, aliueleza mkondo huo kisayansi mwaka 1982, na tangu hapo wataalamu duniani wanauita kwa jina la Turkana. Huvuma zaidi usiku na kuelekea alfajiri, kisha aghalabu hupoa kadiri siku inavyokwenda. Upande wa Loiyangalani, kusini-mashariki mwa ziwa, upepo huohuo unazungusha mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa Julai 2019, yenye uwezo wa megawati 310. Wawekezaji wamekubali kuweka mabilioni kwa sababu upepo huo hauchoki. Nahodha wa Kalokol anakutana nao akiwa na mashine moja ya nyuma na mbao zilizopigwa misumari na fundi wa ufukweni.

Na ziwa lenyewe si kidimbwi. Lina urefu wa takriban kilomita 250 kutoka kusini hadi kaskazini, kwa hiyo wimbi lina nafasi ya kutosha kukua. Mwaka 1934 mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs alileta msafara wa kisayansi hapa. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Fuchs huyohuyo ndiye aliyekuja kuongoza msafara wa kwanza kuvuka bara la Antaktika kwa nchi kavu, mwaka 1957 na 1958. Alikuwa mtu anayejua kujipanga. Ziwa hili lilimchukulia watu wawili hata hivyo.

Wavuvi wetu nao huzama, na misiba hiyo mara nyingi haifiki magazetini. Lakini mvuvi aliyeamua kutoka siku ya upepo amejiamulia mwenyewe, analijua ziwa, na anajua jinsi ya kukaa ndani ya mashua. Mgeni hajui. Akiona wimbi anasimama, akisimama anawayumbisha wote. Watoto wanakimbilia upande mmoja kutazama mamba. Kubeba abiria ni kazi nyingine kabisa, na kipimo cha siku ya kufaa lazima kiwe kikali zaidi.

Kipimo hicho tunacho. Mjomba wangu mmoja, ambaye sasa ni mzee na amewaachia vijana mashua, alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kwenda ufukweni na shuka begani. Hakutazama mawingu. Alisikiliza kwanza makuti ya nyumba, kisha akainama kuona kama mchanga unatembea usawa wa vifundo vya miguu. Mwanga ukianza kuonekana, aliangalia pale katikati ya ncha ya Longech na kisiwa. Akiona mstari mweupe, alirudi kulala, na hakuna aliyemuuliza. Asipouona, alianza kazi: petroli iliyochanganywa na oili katika mtungi wa manjano, plagi ya akiba iliyofungwa kwa nailoni isiingie maji, kamba ya kuwashia mashine, kamba ya pili, na kipande cha mtungi uliokatwa kwa kuchotea maji yanayoingia. Alikuwa na jaketi za kuokolea maisha zilizopauka kwa jua, na kila moja aliivuta kamba zake kwa nguvu kuhakikisha hazikatiki. Zilizokatika alizitupa hata kama zilizobaki hazikuwatosha wageni, na aliyebaki bila jaketi alibaki ufukweni.

Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe anayoiuza nahodha. Kuishika mashine na kuielekeza kisiwani kijana yeyote anaweza kufundishwa kwa wiki chache. Kujua kwamba leo hakufai, na kusema hivyo mbele ya mtu mwenye pesa, kunachukua miaka. Na ndicho kitu pekee ambacho mfumo wetu wa malipo unamwadhibu kwacho.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Ilikuwa likizo ya Aprili, nami nilikuwa Kalokol kwa shughuli za ukoo. Familia moja kutoka Nairobi, baba, mama na watoto wawili, ilikuwa imeandaliwa safari na wakala ambaye hakuwa hapo. Wakala alikuwa amekwisha kupokea pesa zote, na nahodha alikuwa ametumiwa za petroli tu. Upepo ulikuwa bado haujapoa. Nahodha, kijana ninayemfahamu tangu akiwa mdogo, alimpigia wakala simu akaiweka sauti ya juu kwa sababu ya kelele za upepo, na sote tuliokuwa karibu tukasikia.

"Bosi, leo asubuhi hapana. Tungoje alasiri, au kesho."

"Kesho wana ndege. Hutaki, sema, nimtafute mwingine. Lakini petroli yangu utairudisha."

Petroli ilikuwa tayari ndani ya tangi. Kijana alisimama kitambo, akatazama ziwa, akawaambia wageni wapande.

Mashine ilizimika walipokuwa wameipita ncha ya Longech. Mashua isiyo na mwendo hugeuka ubavu kwa mawimbi, na ndivyo ilivyotokea. Baba wa wale watoto alichota maji kwa mfuniko wa kisanduku cha barafu walichobebea soda. Mashua ya wavuvi iliyokuwa ikirudi kutoka kutega nyavu iliwaona, ikawatupia kamba, ikawakokota hadi ndani ya ghuba. Wote walirudi hai. Mama alikuwa amewashika watoto wake wawili kwa nguvu kiasi kwamba vidole vilikuwa vimeacha alama kwenye mikono yao. Baba hakupiga kelele. Alimuuliza nahodha kwa upole, "Kijana, ulijua. Kwa nini ulitupeleka?" Kijana aliinamisha kichwa.

Mimi jibu nalijua, maana najua mahesabu ya ufukwe ule. Mashua nyingi si za manahodha. Mwenye mashua ni mmoja, mwenye mashine anaweza kuwa mwingine, na kama ilivyo desturi ya uvuvi, ikishatolewa petroli, kinachobaki hugawanywa mafungu: la mashua, la mashine, la nahodha na la msaidizi. Safari isipofanyika hakuna fungu la mtu yeyote, lakini deni la petroli ni la nahodha. Kijana yule akikataa mara mbili, wakala anahama. Akikataa mara tatu, mwenye mashua anamtafuta nahodha asiyekataa. Tunawachuja manahodha wetu kwa namna ya kuwaondoa waangalifu na kubakisha wanaothubutu. Hakuna mafunzo wala cheti kinachoweza kuurekebisha mchujo wa aina hiyo.

Nimesikia wakubwa wetu wakisema tujifunze kutoka Ulaya. Sawa, tujifunze, ila tuangalie kitu kinachofaa. Huko Scotland, pale mto Clyde unapopanuka na kuingia baharini, mikono ya bahari kama Loch Long na Loch Goil inapenya kati ya milima, na watu hukodi mashua binafsi kwenda kutazama milima hiyo, sili na ndege. Ni kazi kongwe. Mwaka 1812 Henry Bell alianza kubeba abiria kwenye mto huo kwa meli yake ya mvuke, Comet, na meli ya magurudumu iitwayo Waverley, iliyoshushwa majini mwaka 1946, bado ilikuwa ikitembeza watalii huko karne hii. Sisi wenyewe tuna udugu na maji hayo. Meli ya William Mackinnon iliyoanza kazi Kisumu mwaka 1900 iliundwa Paisley, karibu na Glasgow, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa tena hapa nchini.

Ninachotaka tuchukue kwao ni heshima kwa utabiri na kwa anayesema hapana. Heshima hiyo waliinunua kwa damu. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilivunjika kwa dhoruba ufukweni mwa Wales na mamia ya watu wakafa. Afisa aliyekuwa akiongoza idara changa ya hali ya hewa, Robert FitzRoy, alisimamia ujenzi wa mtandao wa maonyo, na kuanzia mwaka 1861 taarifa za dhoruba zikawa zinatumwa bandarini kwa simu ya maandishi. Leo mashua ndogo ya abiria Uingereza hupewa leseni inayosema inaruhusiwa kwenda umbali gani na katika hali gani ya hewa. Nahodha akiahirisha safari kwa ajili ya upepo, mteja hupangiwa siku nyingine au hurudishiwa pesa zake, na hakuna anayemwona nahodha kuwa mzembe.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika Ziwa Victoria, kati ya mwaka 2017 na 2021, mradi ulioitwa HIGHWAY uliziwezesha idara za hali ya hewa za Afrika Mashariki kutoa utabiri wa ziwa mahususi kwa wavuvi na wasafiri wadogo, kwa lugha wanazozielewa. Lodwar tuna kituo cha Idara ya Hali ya Hewa ambacho kimepima joto na upepo wa mji huu kwa miongo mingi. Kutoka kituoni hadi Kalokol kilomita ni 60 tu. Ujumbe wa jioni kwenye simu, kwa Kiturkana na Kiswahili, unaosema kesho upepo wa ziwa utakuwaje, haungegharimu hata sehemu ndogo ya pesa zinazotumika katika tamasha moja la utamaduni. Ningetaka pia ubandikwe kwenye ubao pale samaki wanapopimwa, ili na mgeni ausome mwenyewe.

Lakini utabiri bila pesa hautamsaidia yule kijana. Angesoma ujumbe, kisha angepigiwa simu na wakala. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kila anayekodi mashua kwa safari ya kutembea alipe pesa zake zote kwa kamati ya ufuo, BMU. Kamati hizi tayari zipo kisheria na zina viongozi waliochaguliwa na wavuvi wenyewe. Zikae katika namba ya M-Pesa ya kamati, zisikae kwa wakala wala kwa mwenye mashua. Theluthi moja ihesabiwe kuwa malipo ya kungoja: hiyo ni ya nahodha na msaidizi wake hata kama hawakung'oa nanga, kwa sababu wameamka, wameandaa mashua na wametumia ujuzi wao kumlinda mgeni. Sehemu iliyobaki ingoje. Safari ikifanyika kesho yake, inalipwa. Isipofanyika kabisa, inarudi kwa mgeni. Petroli iwe ya kamati, itolewe asubuhi baada ya uamuzi, ili isiwahi tena kuwa mnyororo shingoni mwa nahodha. Nayo mamlaka ya usafiri wa majini, KMA, ije Kalokol na ufuo wa Eliye kukagua mashua na kutoa leseni hapohapo ufukweni, badala ya kumtaka mvuvi apande basi kuzifuata karatasi mjini.

Nimeyazungumza haya na watu, na wamenijibu. Wapo waliosema manahodha watageuka wavivu, wakatae kila siku wachukue theluthi. Hawajui njaa ya mtu mwenye familia. Theluthi ni theluthi. Fungu zima ndilo linalolipa karo. Na uamuzi usiwe wa mtu mmoja: manahodha wawili wa mashua nyingine wakubaliane naye, waandike saa na majina katika daftari la kamati. Pale ufukweni kila mtu anayaona maji yaleyale, na mwongo hafichiki.

Wengine wakasema mgeni hatakubali kulipia safari ambayo hakuifanya. Mimi nadhani mgeni hajawahi kuulizwa vizuri. Mwambie kabla hajalipa kwamba sehemu ya pesa zake inamwezesha nahodha kumwambia ukweli. Yule baba wa Nairobi angeitoa mara mbili. Na anayebaki nchi kavu hakosi cha kuona: kuna Namoratunga, kuna akina mama wa Longech wanaopasua na kuanika samaki watakaokwenda hadi Congo, kuna wasusi wa vikapu vya makuti ya mkoma. Pesa zake zitabaki Kalokol hata asipogusa maji.

Jibu lililonikera ni la wale wanaosema tungoje mwekezaji mkubwa aje na boti za kisasa. Kalokol tunazijua ahadi hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulijengewa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Gharama inayotajwa ni dola milioni 22. Kiliendeshwa siku chache kikafungwa, kwa kuwa umeme wa kugandisha na maji safi viligharimu kuliko samaki wenyewe, na ghuba iliyokuwa ikitoa samaki ikaja kukauka. Kisha maji yalirudi, na kuanzia mwaka 2019 hivi yakapanda kupita kiasi, yakameza nyumba na vibanda vya ufukweni. Katikati ya yote hayo waliobaki pale ni wavuvi, ambao wengi wao wazazi wao walifika ziwani baada ya njaa ya mwaka 1961 kuwamalizia mifugo. Boti za kisasa zinakaribishwa. Ila anayezishika awe mtu wa pale, na awe na haki ya kukataa, maana mashine mbili mpya haziupunguzi upepo.

Kuna na swali ambalo naliheshimu: kwa nini nizungumzie safari za starehe wakati Turkana ina watu wanaolala njaa, na Kakuma mgao wa chakula umepunguzwa? Nafundisha watoto hao, najua wanavyosinzia darasani saa tano asubuhi. Nazungumzia mashua kwa sababu ni pesa zinazoingia mkononi mwa mvuvi bila kupita ofisi yoyote, na kwa sababu nataka watoto hao nao waingie ndani yake.

Hili la mwisho wengi hawaliwazii. Ziwa la jangwani kubwa kuliko yote duniani linapakana na kaunti yetu, na darasani mwangu wengi hawajawahi kuliona kwa macho. Si wakimbizi tu. Hata watoto wa Kiturkana waliozaliwa Kakuma na Lokichoggio hulijua kwenye ramani. Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi, kisha 60 nyingine. Lami sasa ipo. Tukichanga, basi la shule tunalipata, na mashua mbili zikigawanywa kwa wanafunzi wengi, bei ya kila mmoja si ya kutisha. Mashua ya kukodi nzima haikuandikiwa wageni wa ndege peke yao.

Niliandaa safari hiyo. Darasani kuna binti kutoka Baraka, kule Congo, aliyekua kando ya Ziwa Tanganyika kabla vita havijawafukuza. Tulipofika Kalokol upepo ulikuwa mkali, na nahodha akakataa. Wanafunzi wengi walinuna. Binti yule alitazama maji kidogo, akaja kusimama kando yangu. "Mwalimu, ana haki," akaniambia. "Kwetu Baraka ziwa ikichafuka tunangoja tu, hata siku tatu."

Sisi hatukuweza kungoja hata mbili. Mwanafunzi mkimbizi hutoka kambini kwa kibali chenye tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na tarehe zetu zilikuwa zimeandikwa kwa kufuata ratiba ya basi, si kwa kufuata upepo. Tulizunguka ufukweni, tukaona kazi ya samaki, tukarudi Kakuma usiku. Nahodha nilimlipa kutoka katika pesa za safari, kiasi tulichopatana pale pale. Nilipopeleka hesabu shuleni niliulizwa, kwa haki kabisa, hayo ni malipo ya nini kama hakuna aliyepanda mashua. Niliandika kwenye vocha: malipo ya kungoja. Ilichukua muda kupitishwa, lakini ilipitishwa, na nakala ninayo kwa shule yoyote itakayotaka kuiona.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa vibali ni dogo sana. Safari ya wanafunzi kwenda ziwani ipewe siku tatu badala ya moja, ili nahodha achague ipi kati ya hizo inafaa. Kwa wakuu wa shule na wahasibu wao, waruhusu mstari huo mmoja katika hesabu. Kwa kamati ya ufuo ya Kalokol, nimekwisha kuongea na baadhi ya wanakamati, nao wako tayari kujaribu na kundi la shule kabla ya kujaribu na watalii. Orodha ya wanafunzi watakaokwenda muhula ujao iko mezani pangu, na jina la binti wa Baraka ni la kwanza.